Barua iliyoachwa mapokezi haileti udhamini

Wanafunzi wengi wa Mombasa huamini kuwa kutafuta mdhamini ni kuacha barua mapokezi ya kampuni na kungoja hundi. Sivyo. Barua isiyo na jina la mhusika hulala kwenye trei, maana hakuna aliyepewa jukumu la kuijibu. Piga simu kwanza, uliza nani anashughulikia udhamini, omba dakika 20 za kuonana naye. Beba ukurasa mmoja: kiasi, matumizi, na kampuni itapata nini. Ukitokea Likoni kwenda ofisi za Barabara ya Nkrumah, kisiwani, tenga saa nzima; foleni ya feri haina huruma. Shukrani ziandike siku hiyohiyo. Pesa zikitoka, peleka risiti na picha kabla hujaulizwa. Wengi hunyamaza hapa, na uhusiano hufia hapo. Ukikataliwa, uliza bajeti ijayo hupangwa mwezi gani.