Picha ya takataka ianze na swali: imetoka wapi?

Kila baada ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, simu yangu hujaa picha. Vijana wa vikundi vya mazingira ninaowafundisha upigaji picha hapa Mtwara hunitumia rundo la chupa, mfereji ulioziba, ndala iliyokwama kwenye mizizi ya mikoko. Bidii yao naithamini sana. Ila picha nyingi zinafanana na zinasema jambo moja: hapa pachafu. Anayeitazama anakubali kwamba ni pachafu, anasogeza kidole, anaendelea na mengine.

Ninachowasisitizia ni kwamba picha ya takataka huanza kufanya kazi pale inapoonyesha takataka hiyo imetoka wapi. Chanzo kikionekana, kuna mtu wa kuulizwa. Kisipoonekana, aibu humwangukia aliye karibu, na mara nyingi huyo ni mvuvi au mama muuza samaki ambaye hata hakuitupa.

Kwetu kusini swali hilo ni zito kuliko kwingi. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaokwenda kutoka mashariki kuja magharibi hufika pwani ya Afrika karibu na hapa, kati ya Mtwara na Rasi Delgado, kisha hugawanyika: tawi moja linapanda kupita Lindi na Kilwa, jingine linashuka Msumbiji. Kitu kinachoelea kinaweza kuvuka bahari nzima kikatua Msimbati. Wakati huohuo mvua zetu, zinazoanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, husomba kilichotupwa mitaani na kukishusha baharini. Ndiyo maana nawaambia vijana wapige sehemu ileile wakati wa mvua, kisha warudi wakati wa kusi. Januari picha inasimulia habari za mifereji yetu. Agosti bahari inaanza kuleta ya kwake.

Mahali nako kuna maana. Ghuba ya Mikindani ina mlango mwembamba, kwa hiyo plastiki iliyokwama ndani yake kwa sehemu kubwa ni yetu wenyewe. Ufuko wa Msimbati umeikabili bahari kuu, na uko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kule kasa hupanda mchangani kutaga, hivyo kabla ya kuingia na kamera zungumzeni kwanza na wahifadhi.

Tuchukue chupa moja ya maji iliyolala kwenye ule mstari wa majani na takataka ambao maji huuacha juu ya ufuko. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya bamvua, kwa sababu bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku hizo na mstari unakuwa umejichora vizuri. Usiiguse. Simama mbali upige picha pana, ionekane chupa, ufuko na kitu kinachotambulika: mnara, boti, mti. Sogea upige ya kati. Kisha chutama, simu iwe karibu na mchanga, jua likiwa bado chini ubavuni kwako. Mwanga huo wa pembeni ndio unaochora kila mkwaruzo. Wa saa sita mchana unafuta kila kitu.

Sasa igeuze. Ukikuta viumbe vidogo vyenye magamba meupe vimeshika kwa shina laini, kama kome waliosimama kwenye vikonyo, chupa hiyo imeelea baharini kwa muda, kwa maana viumbe hao hujishikiza kwenye vitu vinavyoelea. Piga picha yao karibu kabisa. Halafu tafuta barkodi, ile mistari myeusi, na usome tarakimu tatu za mwanzo. 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya, 899 ni Indonesia. Kuwa mwangalifu hapa: tarakimu hizo zinaonyesha nchi ambako kampuni ilisajili msimbo wake, si lazima bidhaa ilikotengenezwa, sembuse ilikotupwa. Baharia anaweza kutupa chupa ya Asia akiwa mbele ya macho yetu. Kwa hiyo unazisoma dalili zote kwa pamoja. Chupa ya 620 ambayo lebo yake bado inang'aa na ndani ina tope jeusi la mfereji haikutoka Indonesia. Imetoka mjini, tena juzi.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ilifanywa na binti wa kidato cha tatu aliyeacha ufuko kabisa. Alianza kwenye magenge ya mtaani kwao, akafuata mfereji mmoja kuteremka hadi kwenye mikoko, akipiga picha kila mahali mfereji unapokata barabara. Juu kabisa kulikuwa na vifuko vya nailoni vya karanga na barafu vimetapakaa chini ya meza. Katikati vilikuwa vimeziba kalvati. Mwisho vilikuwa vimejisokota kwenye mizizi ya mikoko, vimebadilika rangi, lakini ni vilevile. Picha zile ukizipanga kwa mfuatano hazihitaji hotuba. Mwenyekiti wa mtaa alipoonyeshwa aliuliza swali la maana: pale kwenye magenge pipa liko wapi? Halikuwepo.

Vifuko hivyo vinastahili kuangaliwa kwa makini. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, rambo tulizozizoea, imepigwa marufuku, na tofauti mitaani inaonekana kwa macho. Vifungashio vya vyakula havikuwa sehemu ya katazo hilo, na ndivyo vinavyotawala picha zetu leo, pamoja na chupa, kamba na vipande vya nyavu. Kamba ya nailoni iliyopigwa na jua kwa muda mrefu hupukutika ukiishika. Haiozi, inagawanyika kuwa chembe, na zile zisizozidi milimita 5 hakuna reki ya usafi itakayozikusanya. Kiganja kilichobeba chembe hizo kinatosha kuwa picha.

Kuna sharti moja ambalo silegezi: usipange. Usiongeze chupa ili rundo likolee, usimvishe kaa mfuniko. Mwaka 2009 Mmarekani Chris Jordan alipiga picha za makinda ya albatrosi waliokufa kwenye kisiwa cha Midway, matumbo yamejaa vifuniko na vipande vya plastiki, na akaeleza wazi kwamba hakusogeza kipande hata kimoja. Nguvu ya picha zile imesimama juu ya neno hilo. Mtu akigundua kwamba picha yako moja umeipanga, anayo ruhusa ya kuzikataa zote.

Watu nao wana haki zao. Sokoni Ferry mama mmoja alituuliza, "Wanangu, mnatupiga picha mtupeleke wapi?" Kijana aliyekuwa na simu alimwamkia, akakaa chini, akamweleza, akamwonyesha alichokwisha piga. Mama akakataa sura yake isitumike, akakubali mikono yake na beseni. Tulitumia mikono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mtu hachafuliwi jina ili mazingira yasafishwe. Watoto wasitambulike bila ridhaa ya wazazi. Na eneo la bandari msinyanyue kamera bila kibali.

Vijana wa Newala na Tandahimba huniuliza wafanye nini wakati hawana bahari. Wana mikorosho. Msimu wa kupulizia unapopita, tazameni chini ya miti na kando ya visima: chupa za viuatilifu na mifuko ya salfa. Pigeni picha lebo kwa karibu, lakini msizishike kwa mikono mitupu. Korongo likifika Mto Ruvuma, na chupa hiyo imefika baharini.

Picha zikishakuwa tayari, zisiishie kwenye status. Chagueni 5 au 6, chini ya kila moja andikeni mahali, tarehe, kitu chenyewe na mnachojua kuhusu kilikotoka, basi. Zichapisheni kwa ukubwa wa karatasi ya A4, mzibandike pale ambapo waliotupa na walioathirika hupita wote: mnadani, stendi, ubao wa ofisi ya mtaa. Nakala nyingine mpelekeeni afisa mazingira wa halmashauri kwa barua yenye muhuri wa klabu, mkitaja ombi moja tu linalotokana na picha, kwa mfano pipa kwenye magenge fulani au kichujio kwenye kalvati fulani. Baada ya mwezi rudini mpige picha sehemu ileile, kutoka pale pale mliposimama mara ya kwanza.