Maneno ya Kiingereza Yanayobeba Fedha na Yale ya Kupamba Karatasi

Ankara kifani (proforma invoice), ile ya kukutajia bei kabla hujalipa, kutoka kwa muuzaji wa China huwa fupi. Juu kuna nembo ya kampuni, katikati jedwali la bidhaa, na chini kabisa mistari michache ya herufi ndogo ambayo wanunuzi wengi huiruka kwa kuwa bei wameshaiona. Mara nyingi husomeka hivi: “FOB Ningbo. 30% deposit by T/T, balance before shipment. Lead time 25 days after deposit. Price valid for 15 days.” Aliyefika kidato cha nne anayajua karibu maneno yote hayo. Hata hivyo anaweza kutuma pesa bila kujua amekubali nini.

Kiingereza cha biashara na kazi kina maneno ya aina mbili. Yako yaliyofungwa, ambayo maana yake imewekwa na sheria, na shirika la viwango au na kanuni za biashara za kimataifa, na hayasogei hata ukibishana mpaka jioni. Na yako maneno huru, ambayo mwandishi ameyaweka kwa sababu yanapendeza. Sisi tunaofundisha watu wazima Kiingereza cha biashara huanza na yale yaliyofungwa. Orodha za “maneno 500 ya biashara” zinazozunguka kwenye simu huyachanganya yote, mwanafunzi akatumia jasho lilelile kukariri “dynamic” na kukariri “non-refundable”, yaani pesa isiyorudishwa. La kwanza halijawahi kumpotezea mtu shilingi.

Turudi kwenye ile ankara. FOB ni moja ya masharti yanayoitwa Incoterms, yaliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na ICC, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara chenye makao yake Paris. Toleo linalotumika sasa ni la 2020, nalo lina masharti 11. FOB Ningbo maana yake muuzaji analipia kila kitu na kubeba hatari zote hadi mzigo upakiwe melini katika bandari ya Ningbo. Kuanzia hapo nauli ya meli ni yako, bima ni yako, na mzigo ukilowa au ukipotea hasara pia ni yako.

CIF ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Mnunuzi akiona “CIF Dar es Salaam” anapumua, akidhani muuzaji anawajibika mpaka Dar es Salaam. Hapana. Muuzaji amelipa nauli na bima mpaka Dar es Salaam, lakini hatari ilihamia kwako tangu mzigo ulipopakiwa kule ulikotoka. Vioo vikivunjika katikati ya Bahari ya Hindi, muuzaji ameshamaliza kazi yake, wewe utadai kwa kampuni ya bima. Tena bima ambayo CIF inamlazimu muuzaji kukata ni ile ya kiwango cha chini, inayofidia majanga kama meli kuzama, kugongana au kuungua. Wizi na vitu kuvunjika kwa sababu ya kufungwa vibaya havimo. Juu ya hayo, sheria za Tanzania na za Kenya zinataka bidhaa zinazoagizwa nje zikatiwe bima kwa kampuni za ndani. Ndiyo maana mara nyingi tunawashauri waagizaji waombe bei ya CFR, yaani nauli imo lakini bima haimo, kisha wakate bima yao hapa nyumbani, kwa kampuni ambayo wanaweza kuiendea ofisini kudai.

Herufi hizo zinagusa kodi pia. Forodha ya Afrika Mashariki hukadiria ushuru wa mzigo uliokuja kwa meli kwa kujumlisha bei ya bidhaa, nauli na bima. Chukua mzigo wa dola 5,000 kwa FOB, nauli dola 1,200, bima dola 60. Thamani ya forodha inakuwa dola 6,260. Kama bidhaa iko kwenye kundi la asilimia 25, ushuru ni dola 1,565. VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara inakokotolewa juu ya jumla ya hivyo viwili, yaani dola 7,825, nayo inakuwa dola 1,408.50. Hapo umeshafika dola 9,233.50, na tozo nyingine za forodha pamoja na malipo ya wakala bado hazijahesabiwa. Sasa mfikirie aliyepewa bei mbili kwa bidhaa ileile, FOB dola 5,000 na CIF dola 5,900, akachagua ya kwanza kwa kuwa namba yake ni ndogo. Amechagua ghali, na tofauti hiyo ataitozwa tena kwenye ushuru, na tena kwenye VAT.

“Balance before shipment” inamaanisha utakuwa umelipa asilimia 100 kabla mzigo haujaondoka. T/T ni kutuma pesa benki kwa benki, na pesa ikishaingia kwa aliyetumiwa, kuirudisha kunahitaji aridhie mwenyewe. Unaweza kuomba mstari huo ubadilishwe uwe “balance against copy of B/L”. B/L ni hati ya shehena, karatasi ambayo kampuni ya meli huitoa kwa mzigo iliyoupokea. Kwa maneno hayo unalipa asilimia 70 iliyobaki baada ya kuonyeshwa nakala ya hati hiyo, na wauzaji wengi wenye uzoefu wa kuuza nje hawashangai ukiomba hivyo. Atakayekataa katakata akupe sababu. “Lead time” nayo ni muda wa kutengeneza bidhaa, unaohesabiwa tangu amana ilipopokelewa, na siku za baharini hazimo. Anayeagiza nguo za Idi afanye hesabu mbili, ya kiwandani na ya melini.

Ankara za hapa nyumbani zina vituko vyao. Chini ya risiti nyingi utakuta “Goods once sold are not returnable”. Haya ni maneno huru yaliyovaa joho la sheria. Muuzaji anaweza kukataa kurudishiwa shati kwa sababu tu rangi imekuchosha, lakini bidhaa mbovu ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na mstari uliochapishwa kwenye risiti hauifuti. Pembeni yake huenda kukawa na “E&OE”, yaani muuzaji anajihifadhia haki ya kusahihisha makosa ya hesabu au ya kusahau. Hilo halina ubaya.

Kwenye mkopo, ukijifunza jozi moja tu ya maneno, iwe “flat rate” na “reducing balance”. Mkopo wa shilingi milioni moja kwa mwaka, riba asilimia 24, ukiwa “flat” utalipa riba ya shilingi 240,000, kwa kuwa riba inahesabiwa kwa deni la mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata ukiwa umebakiza rejesho moja. Asilimia hiyohiyo kwa “reducing balance”, ambapo riba inahesabiwa kwa deni lililobaki tu, marejesho yakiwa sawa kila mwezi, ni kama shilingi 134,700. Tangazo la mabango halitakwambia ni ipi. Mkataba utakwambia.

Kwenye ajira, maneno huru ndipo yanapojaa. “Competitive salary, attractive package, dynamic team, must be self-motivated and able to work under pressure.” Futa sentensi hiyo yote na tangazo halipungukiwi na kitu. Linganisha na neno moja kavu lililo ndani ya mkataba, “basic”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, kazi ya sikukuu mara mbili ya huo mshahara wa msingi, na kiinua mgongo, kwa anayestahili, si chini ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Posho hazimo.

Sasa weka ofa mbili mezani, zote “gross”, yaani kabla ya makato, shilingi 900,000 kwa mwezi. Ya kwanza mshahara wa msingi ni 800,000 na posho ya usafiri 100,000. Ya pili mshahara wa msingi ni 400,000, na 500,000 zimegawanywa kwenye nyumba, usafiri, chakula na simu. Mwezi wa kawaida huoni tofauti. Mwezi wa saa za ziada, wa pili analipwa nusu ya mwenzake kwa jasho lilelile, na siku ya kuagana kiinua mgongo chake ni nusu. Atalalamika kwamba kazini hakuna motisha, na meneja atamtafutia semina. Soma mkataba kwanza, motisha ya mfukoni iko pale. Angalia na neno “discretionary” mbele ya “bonus”: ukilikuta, bonasi hiyo inatolewa mwajiri akipenda, basi usiikopee.

Kuhusu motisha yenyewe, mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha mwaka 1959 matokeo ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh. Walichoeleza ni kwamba yanayomkera mtu kazini, kama mshahara duni, msimamizi mbaya na taratibu za ajabu, hayako kwenye mstari mmoja na yanayompa hamu ya kazi, kama kufanikisha jambo, kutambuliwa na kupewa wajibu. Wasomi wamebishana nayo sana tangu wakati huo. Kwa msailiwa, hata hivyo, inampa swali zuri la kuuliza kwa Kiingereza chepesi: “What will I be responsible for in the first six months?” Mwajiri mwenye jibu la wazi ana kazi ya kukupa. Anayerudia “dynamic team” hana.

Maneno ya mazingira ni shamba jipya la mapambo, na hapa hata waliosoma sana huteleza. “Eco-friendly” peke yake haina kipimo chochote. “Biodegradable” bila kutaja muda na mazingira haikuambii kitu, maana vitu vingi huoza ukivipa karne. “Compostable” hufungwa inapoandamana na namba ya kiwango, kama EN 13432 ya Ulaya, na hata hapo inapimwa kwa mazingira ya kiwanda cha mboji chenye joto la kama nyuzi 58. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam hauna joto hilo. Kile kijipembetatu cha mishale chenye namba 1 hadi 7 chini ya chupa kilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kutambulisha aina ya plastiki: 1 ni ile ya chupa za maji, 5 ni ya vikombe vingi vya mtindi. Hakiahidi kwamba kuna mtu atakayeirejeleza.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mifuko iliyoshika nafasi yake sokoni Tanzania, ile laini inayofanana na kitambaa, wengi huiita mbadala wakaishia hapo. Malighafi yake kwa kawaida ni polipropilini, ambayo ni plastiki, ileile ya namba 5. Kinachoihalalisha ni unene: kiwango kinataka isipungue GSM 70, yaani gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba. Mwenye duka anayeagiza mifuko aulizie hizo GSM na zionekane kwenye ankara, kwa sababu mkaguzi akifika “eco-friendly” iliyochapishwa kwa rangi ya kijani haitamsaidia.

Wanaouza Ulaya wana haraka zaidi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024, linaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, linakataza kuwatangazia walaji madai ya jumla kama “green” na “environmentally friendly” bila uthibitisho unaotambulika. Linakataza pia kudai kwamba bidhaa haina athari kwa hali ya hewa kwa kutegemea tu kununua kwingineko hati za kupunguza hewa ukaa (carbon credits). “Organic” ilikuwa imefungwa tangu zamani: ukiiandika kwenye chakula kinachoingia soko hilo bila cheti chenye kutambulika huko, mzigo una matatizo. Ndani ya Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha kilimo hai cha mwaka 2007 na alama ya Kilimohai, lakini alama hiyo haitoshi yenyewe kwa mnunuzi wa Hamburg. “Natural” haina kufuli kama hilo, ndiyo sababu imejaa kila mahali.

Kwa hiyo mwenye asali ya Tabora anayeandaa lebo ya Kiingereza asianze na sifa. Aandike “Product of Tanzania”, aandike “harvested in Sikonge, Tabora” kama ndiko ilikorinwa, uzito halisi kwa gramu, na “unheated” kama kweli haikupashwa moto na anaweza kulithibitisha hilo akiulizwa. “Organic” aiache nje hadi cheti kiwe mkononi. Mnunuzi akimwandikia “Please advise FOB price”, ajue kibao kimegeuka: safari hii ni yeye anayebeba hatari mpaka pipa lipande meli pale bandarini Dar es Salaam, na gharama za kulitoa Tabora, kulikagua na kulipakia ziwe zimo kwenye bei atakayoitaja.