Kuvutwa kwenye itikadi kali mtandaoni: maana yake

Kuvutwa kwenye itikadi kali mtandaoni ni hali ya mtu kubadilishwa kidogo kidogo, kupitia simu au kompyuta, hadi akaona kuua raia ni njia halali ya kupigania dini, taifa au siasa yake. Ugaidi ulikuwapo kabla ya intaneti, na wengi wanaokutana na video za magaidi hawajiungi nao. Ila zamani mpiga debe wa kundi ilimlazimu aonane na kijana ana kwa ana, tena kwa kujificha. Siku hizi huweza kuzungumza na vijana wa nchi kadhaa kwa jioni moja.

Mara nyingi kijana haanzi kwa kutafuta bunduki. Huanza na video ya watoto waliojeruhiwa vitani, ambayo huenda ni ya kweli kabisa. Anaitazama hadi mwisho, na mtandao, ambao kazi yake ni kumshikilia asiondoke, unamletea nyingine inayofanana nayo. Anaandika maoni ya hasira. Mtu asiyemjua anamjibu kwa upole, anamwita ndugu, anamuuliza hali yake. Baada ya muda anamwalika kwenye kundi la faragha. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, maana huko hakuna wa kumpinga, na upweke wake umepata dawa kabla hata ya siasa kutajwa.

Kelele za hadharani nazo zina kazi yake: kulifanya kundi lionekane kubwa. Kundi la IS, yaani kundi la kigaidi linalojiita Dola la Kiislamu, lilipouteka mji wa Mosul, Iraq, Juni 2014, wafuasi wake waliijaza Twitter picha za ushindi na vitisho. Utafiti uliochapishwa na taasisi ya Brookings mwaka 2015 ulikadiria kuwa kati ya Septemba na Desemba 2014 akaunti zisizopungua 46,000 zililiunga mkono kundi hilo. Lakini sehemu kubwa ya mafanikio yake ilitokana na akaunti chache zilizoandika bila kupumzika, kati ya 500 na 2,000 tu.

Wala hili si la dini moja. Machi 15, 2019, mbaguzi wa rangi aliwaua watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akirusha mauaji hayo mubashara kupitia Facebook. Kampuni hiyo ilisema waliotazama wakati huohuo hawakufika 200, ila katika saa 24 za kwanza iliondoa au kuzuia nakala milioni 1.5 za video hiyo. Muuaji alijua wengine wangemsambazia.

Tangu 2017 kampuni kubwa za mitandao hubadilishana alama za kidijitali za video zilizokwisha kutambuliwa, ili zizuiwe zinapopakiwa tena. Kufungia akaunti husaidia, kwani kundi hupoteza hadhira ya wapita njia. Wafuasi sugu, hata hivyo, huhama. IS ilipobanwa Twitter ilikimbilia Telegram, na huko nako akaunti zake nyingi zilifutwa Novemba 2019 katika operesheni iliyoratibiwa na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya. Waliobaki walitawanyika kwenye mitandao midogo, ambayo baadhi haina wafanyakazi wa kutosha wa kupitia kinachopakiwa.