Kivinjari kilichotekwa: tafuta kinachokiteka tena

Kompyuta yenye kivinjari kilichotekwa hunifikia, mara nyingi, baada ya mwenyewe kuihangaikia kwa muda mrefu. Amerudisha Google kuwa injini yake ya utafutaji, amebadilisha ukurasa wa mwanzo, amefuta kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) asichokitambua, pengine amekiondoa kivinjari chote na kukisakinisha upya, lakini akizima kompyuta na kuiwasha anaikuta anwani ileile ngeni. Hapo ndipo anapoamini kwamba amepata kirusi kisichotibika. Ukweli ni kwamba alichokuwa akikifuta ni matokeo tu, na kazi kubwa ya kusafisha kompyuta ya namna hii ni kutafuta kitu kinachoyarudisha matokeo hayo, kitu ambacho kwa kawaida hakionekani kwenye ukurasa unaokukera. Kimejificha kwenye mipangilio ya Windows, kwenye sera za kivinjari, au kwenye akaunti unayoitumia kuingia kwenye kivinjari hicho.

Inasaidia kujua kwanza biashara yenyewe inavyokwenda. Anayeteka kivinjari chako hana haja ya kuiharibu kompyuta, kwa sababu kipato chake kinategemea kompyuta hiyo iendelee kufanya kazi. Ukiandika neno kwenye upau wa anwani, ombi lako hupitishwa kwanza kwenye seva yake, likapewa alama inayomtambulisha yeye kama mshirika, kisha wewe ukapelekwa kwenye injini halisi ya utafutaji, mara nyingi Yahoo au Bing. Ukibofya tangazo lolote pale, sehemu ya malipo inakwenda kwake. Programu za matangazo nazo hufanya jambo la jirani: hupachika matangazo yake ndani ya kurasa za watu wengine, hata kwenye tovuti ambazo wenyewe hawakuweka tangazo lolote. Kwa kuwa fedha hupatikana kidogo kidogo kwa kila mbofyo, waandishi wa programu hizi huweka juhudi yao kubwa katika kuhakikisha kwamba haziondoki.

Wapo wanaosema kwamba haya ni maudhi tu na mtu anaweza kuishi nayo. Sikubaliani nao hata kidogo, na mfano ninaoutumia kila mara ni wa Superfish. Kati ya mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, Lenovo iliuza baadhi ya kompyuta mpakato zake zikiwa tayari na programu ya matangazo iitwayo Superfish VisualDiscovery. Ili iweze kupachika matangazo hata kwenye kurasa zilizolindwa kwa usimbaji fiche, programu hiyo iliweka ndani ya Windows cheti chake cha mamlaka, cheti ambacho kompyuta hukiamini bila kuuliza, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa uleule katika kila kompyuta. Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliuchomoa ufunguo huo na kugundua kwamba nenosiri lililoulinda lilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza teknolojia iliyotumika. Maana yake ni kwamba mtu yeyote aliyekaa kwenye Wi-Fi moja na mwenye kompyuta ile angeweza kujifanya tovuti ya benki, na kivinjari kingeonyesha kufuli kama kawaida. Mwaka 2017 Lenovo ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuhusu suala hilo. Hakuna aliyekusudia kuiba fedha za benki. Walitaka kuonyesha matangazo, na kwa kutaka hivyo tu wakavunja ulinzi wote.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kufuta chochote, hakikisha unajua unachokiona. Yale matangazo yanayochomoza kwenye kona ya chini kulia ya skrini, yakisema kompyuta yako ina virusi au umeshinda zawadi, katika hali nyingi ni arifa za tovuti ambayo siku moja ilikuomba ubofye kitufe cha kuruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, nawe ukabofya. Hakuna programu yoyote iliyosakinishwa. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye upau wa anwani, uondoe kila tovuti usiyoitambua kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, na tatizo litaisha hapo hapo. Ninasikitika kila ninapoona mtu aliyelipia kusakinishiwa Windows upya kwa ajili ya jambo hili.

Kama tatizo si arifa, fungua orodha ya programu zilizosakinishwa kwenye mipangilio ya Windows na uipange kwa tarehe. Tatizo linaloonekana kuanzia wiki fulani huwa na programu iliyoingia wiki hiyohiyo, na kwa kawaida haikuingia peke yake: zitakuwapo mbili au tatu zenye tarehe moja. Ziondoe zote, kisha nenda chrome://extensions na uondoe viendelezi usivyovihitaji. Ukikuta kiendelezi ambacho hakina kitufe cha kukiondoa, acha kuhangaika nacho pale, kwa sababu umeshapata dalili muhimu kuliko zote.

Dalili hiyo inahusu sera. Chrome, Edge na Firefox zimetengenezwa ili kampuni au shule iweze kuzisimamia kompyuta zake zote kutoka sehemu moja: kulazimisha kiendelezi fulani kiwepo, kuweka ukurasa wa mwanzo, kumzuia mfanyakazi asibadilishe. Mtekaji hutumia mlango huohuo halali. Ndiyo maana kwenye kompyuta ya nyumbani, ambayo haina mwajiri wala shirika, unakuta chini ya menyu ya Chrome maneno yanayosema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Fungua chrome://policy, au edge://policy, au about:policies kwa Firefox. Kompyuta binafsi kwa kawaida haitakiwi kuwa na sera yoyote hapo, isipokuwa zile zilizowekwa na programu unayoifahamu, kwa mfano baadhi ya programu za kuzuia virusi. Ukikuta ExtensionInstallForcelist, hiyo ndiyo amri inayokisakinisha kile kiendelezi kila unapokitoa. Kompyuta ikiwa ni ya ofisini, usiguse chochote. Mpelekee anayehusika na mifumo, kwa kuwa sera hizo huenda ni zake.

Kwenye Windows, sera za Chrome husomwa kwenye rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), katika HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome na katika njia kama hiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi kwanza nakala ya matawi hayo mawili, kisha uyafute. Hatua inayosahaulika na wengi, hata mafundi, ni folda ya C:\Windows\System32\GroupPolicy. Baadhi ya watekaji huacha humo faili liitwalo Registry.pol, na Windows hulisoma faili hilo na kuziandika upya sera zote ulizozifuta. Mtu anayefuta rejista peke yake anadeki sakafu huku bomba likiendelea kuvuja. Kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo haijawahi kupangiwa sera na mtu yeyote, faili hilo linaweza kuondolewa, ukaendesha amri ya gpupdate /force, inayoilazimisha Windows kusoma sera upya, ukafungua tena chrome://policy na kubofya kitufe cha kupakia upya sera. Ukurasa ukibaki mtupu, umefanikiwa.

Chanzo cha pili cha kurudi kwa tatizo ni kazi zilizopangwa kwa ratiba. Windows ina programu iitwayo Task Scheduler, ambayo huendesha kazi kwa saa maalumu au kila mtumiaji anapoingia, na mfano bora wa matumizi yake mabaya ni ChromeLoader, iliyoenea kuanzia mwaka 2022. Ilisambazwa kama faili la ISO (nakala ya diski nzima katika faili moja) lililojidai kuwa mchezo au programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Aliyelifungua na kubofya kilichomo aliona ujumbe wa kosa au hakuona kitu, lakini nyuma ya pazia kazi ya ratiba ilikuwa imeandikwa, nayo ilikuwa ikiita PowerShell, programu ya Windows ya kuendesha amri, mara kwa mara ili kupakia kiendelezi kwenye Chrome. Kwa hiyo pitia orodha ya kazi hizo, hasa zile zinazoita powershell, wscript au faili lililo ndani ya folda ya AppData, na ambazo hazina jina la mtengenezaji unayemjua. Zizime kwanza badala ya kuzifuta, uwashe kompyuta upya, uangalie kama kuna kitu cha halali kilichoacha kufanya kazi. Kisha ndipo ufute.

Mengine ni ya haraka. Bofya kulia njia ya mkato ya kivinjari na uangalie sifa zake: baada ya chrome.exe na alama ya kufunga nukuu pasifuate anwani yoyote ya tovuti. Angalia mipangilio ya proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano) ya Windows, kwa kuwa proksi iliyowekwa na mtekaji hupitisha mawasiliano yako yote kwake. Kwa watumiaji wa Mac, cha kutafuta ni profaili za usanidi kwenye mipangilio ya mfumo. Hufanya kazi ileile ya sera, na Mac ya mtu binafsi kwa kawaida haina profaili hata moja.

Baada ya hapo tumia kifaa cha kusafisha. Mimi huanza na AdwCleaner, iliyoanza mwaka 2011 na kununuliwa na Malwarebytes mwaka 2016, kisha huendesha ukaguzi kamili wa Microsoft Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows. AdwCleaner ipakue kwenye tovuti ya Malwarebytes yenyewe, kwa kuwa kurasa nyingi zinazojitokeza ukitafuta namna ya kuondoa mtekaji fulani kwa jina lake huwa na lengo la kukuuzia kisafishaji kingine, na baadhi ya visafishaji hivyo ni tatizo jipya. Ushauri wa zamani wa kutumia kisafishaji kilichokuwa ndani ya Chrome haufai tena, maana Google ilikiondoa mwaka 2023. Kurejesha mipangilio ya awali ya kivinjari nakuacha mwisho kabisa: kunazima viendelezi na kufuta vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti hutumia kukutambua) bila kugusa alamisho (kurasa ulizohifadhi) na manenosiri, lakini kukifanywa kabla ya kuondoa sera na kazi za ratiba hakudumu.

Kuna chanzo kimoja zaidi ambacho hata msafishaji mzuri hushindwa kukiona, kwa sababu hakimo kwenye kompyuta. Ukiwa umewasha usawazishaji (sync), viendelezi na mipangilio yako vimehifadhiwa kwenye akaunti, hivyo mtekaji uliyemwondoa kwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kurudi kutoka kwenye ile ya dukani. Zima usawazishaji kwenye mashine zote, zisafishe zote, hamisha nakala ya alamisho na manenosiri mahali salama, kisha ufute data ya Chrome iliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google kabla ya kuuwasha upya. Faili la manenosiri linalotolewa na kivinjari husomeka na yeyote, kwa hiyo lifute mara tu unapomaliza nalo.

Kuhusu kujikinga, mlango mkubwa kuliko yote ni wakati wa kusakinisha programu za bure. Usidhani kwamba tovuti yenye jina kubwa inatosha kukulinda: mwaka 2011 mwandishi wa Nmap, programu ya kukagua mitandao, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya upakuaji ya Download.com ilikuwa ikiifunga programu yake pamoja na upau wa zana ambao yeye hakuuweka, na mwaka 2013 mradi wa GIMP, programu ya kuhariri picha, uliacha kusambaza faili zake za Windows kupitia tovuti ya SourceForge, sababu mojawapo ikiwa visakinishaji vya tovuti hiyo vilivyobeba ofa za watu wengine. Pakua programu kwa mtengenezaji mwenyewe, chagua usakinishaji wa hatua kwa hatua badala ya ule wa haraka, na usome kila kisanduku kilichokwishawekewa alama ya tiki. Kwenye Windows, washa kizuizi cha programu zisizotakikana kilichoongezwa mwaka 2020. Kipo ndani ya Windows Security, kwenye sehemu ya ulinzi unaozingatia sifa ya programu.

Kwetu hapa Afrika Mashariki lazima niseme wazi juu ya programu za kuamsha Windows na Office bila leseni, zinazopita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Maelekezo yake huanza kwa kukutaka uzime ulinzi wa virusi, nawe ukishatii, kila kilichofungwa pamoja nazo kinaingia bila kuzuiwa. Mwanafunzi au mwenye duka asiyeweza kununua Office anayo LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafungua faili hizohizo. Anayenunua kompyuta iliyotumika naye asikubali kuipokea na Windows aliyoikuta. Asakinishe mpya kwa kutumia zana ya Microsoft, kabla hajaingia kwenye akaunti yake yoyote.

Viendelezi vinahitaji uangalifu wa namna yake, kwa kuwa kilicho kizuri leo kinaweza kuuzwa kesho. The Great Suspender, kiendelezi cha kupunguza matumizi ya kumbukumbu kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili, kilibadilisha mmiliki mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa na kukizima kwa kuwa kilikuwa na msimbo hasidi. Watumiaji wake hawakusakinisha kitu kipya. Sasisho lilikuja lenyewe. Kwa hiyo kiendelezi ambacho hujakitumia kwa miezi, kiondoe.

Na kama mtekaji uliyemwondoa alikuwa kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, chukulia kwamba kila ulichoandika kwenye kivinjari hicho kingeweza kusomwa. Badilisha manenosiri ukitumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine, kisha benki na mitandao ya kijamii. Katika kila akaunti ondoa pia vifaa vyote vilivyoingia, kwani katika baadhi ya huduma kubadilisha nenosiri peke yake hakumtoi mtu aliyekwisha kuchukua vidakuzi vyako.