Jamani, hiyo picha sijaprinti

Mimi nahamisha picha za zamani kwa mkono, kutoka kwenye fotokopi kwenda kwenye kanvasi, na nimechoka na sentensi moja: "Aah, kumbe umeprinti tu!" Anaisema mgeni wa safari aliyeingia kutafuta zawadi, anaisema jirani, na wiki hii kaisema mchoraji mwenzangu wa hapahapa Arusha, mtu anayechora Wamasai kwa kisu cha kupakia rangi kutwa nzima na anajua kabisa kazi ya mkono ilivyo. Hiyo ndo imenifikisha hapa.

Ningeprinti ingetoka safi, si ndio? Sasa angalia shavu la mama kwenye kazi yangu moja lilivyokatika, angalia pindo la kanga lilivyofutika nusu. Printa gani inafanya hivyo?

Mambo ya mwanzo nayapitia fasta. Unataka fotokopi ya leza, sio printa ya wino. Tona, yaani ule weusi wa mashine ya leza, ni unga wa plastiki, joto la mashine linauyeyusha unagandia juu ya karatasi, wakati wino wa maji unanywewa na karatasi, ukiulowesha unatapakaa na kazi imeharibika. Kwa hiyo steshenari ulizia mashine kwanza, bei baadaye. Geuza picha kwenye kompyuta, kushoto kuwe kulia kama kwenye kioo, kabla hujatoa kopi, la sivyo maandishi yote yatasomeka kinyumenyume. Paka jeli ya akriliki, ile ya wachoraji inayoshika kama gundi, kwenye kanvasi, laza kopi kifudifudi, toa mapovu, subiri ikauke. Mwezi wa saba na hili baridi letu, ikikauka kesho yake shukuru. Njia nyingine ni asetoni, kimiminika kinacholainisha tona: kopi kifudifudi, unalowesha mgongo wake, unakandamiza kwa kijiko, tona inalainika inahamia upande wa pili. Mlango uwe wazi na jiko la mkaa likae mbali, hii kitu inashika moto haraka sana. Na soma chupa, maana dawa nyingine za kutolea rangi ya kucha hazina asetoni kabisa.

Sasa kusugua. Jeli ikishakauka unalowesha ile karatasi kwa maji unaanza kusugua kwa ncha ya kidole, inatoka vipindo vidogovidogo kama unavyosugua kisigino kwa jiwe, na chini yake picha inajitokeza, nyeusi, kali, unaona mpaka nyuzi za sweta, unasema tayari. Bado! Iache ikauke uone, utando mweupe unarudi uso mzima, kwa sababu nyuzi za karatasi zipo palepale, maji yalikuwa yanazificha tu. Unalowesha tena, unasugua tena. Ukipunguza, utando unabaki, ukizidisha, tona yenyewe inang'oka unabaki na kanvasi tupu, na katikati ya hapo pana nafasi nyembamba mno, kidole kinaihisi kabla jicho halijaiona. Na mimi sitaki pote pawe sawa. Kwenye picha moja ya studio ya zamani, mama kasimama mbele ya pazia lililochorwa ndege, mikono yake nimeisugua mpaka ikatoka kila mkunjo wa kidole, usoni nikauacha utando, ile ndege nikaisugua ikabaki bawa moja tu. Hayo yote niliyaamua. Kwa hiyo usije tena na ile nyingine ya "basi ni bahati". Bahati ipo, tona inabanduka mahali ambapo sikupanga, lakini kupaacha, kupaziba kwa brashi au kutupa kazi nzima na kuanza upya ni uamuzi wangu.

Na sio mambo ya Arusha peke yake. Robert Rauschenberg, Mmarekani, kati ya 1958 na 1960 alitengeneza michoro 34 kwa kulowesha vipande vya magazeti kwa kimiminika cha kuyeyushia wino na kuvisugua mgongoni mpaka picha ikahamia kwenye karatasi. Ukiitazama unaona mistarimistari inayoonyesha mkono wake umepita wapi na wapi umekandamiza zaidi. Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, anafanyia kazi Los Angeles, anahamisha kwa asetoni picha za familia na za magazeti ya kwao, nyingi mno, halafu anapaka rangi na kuchora mpaka vyote vinakuwa sebule moja yenye watu. Kaangalie kazi zake ndo uniambie kaprinti.

Kuna vitu vinanisumbua lakini. Tona nyeusi ina kaboni, haichuji kirahisi, naiamini. Tona za rangi siziamini kiasi hicho, kwa hiyo kazi ya rangi simuuzii mtu bila kumwambia asiitundike kwenye jua. Akriliki nayo kwenye joto inalainika kidogo inashika vumbi, na vumbi la huku mnalijua, ndo maana napaka vanishi.

Kubwa zaidi ni wale watu wenyewe wa kwenye picha za studio. Walivaa vizuri, wakajipanga, wakalipa ili waonekane vizuri, sio ili mimi nisiyewajua nije niwafute nusu uso. Mpiga picha pia ana haki yake. Nikiijua familia naenda kuomba ruhusa, wengine wanakataa na kopi inarudi kwenye bahasha. Nisipoijua, nasugua uso mpaka mtu asitambulike, halafu siku nyingine naiangalia ile kazi naona huko ndiko kumkosea kabisa, bora angebaki na sura yake. Hapa sijafikia msimamo. Wapiga picha wa studio za zamani za Arusha na Moshi, na nyie wenye albamu za wazee nyumbani, niandikieni hapo chini mnalionaje hili.