Kuchakaa kwa tando za polima katika alkali: maana yake

Utando wa kuchujia huchakaa kikemikali pale bondi (viungo kati ya atomu) za polima iliyoutengeneza, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zinapovunjwa au kubadilishwa na kemikali inayougusa. Hilo si sawa na kuziba. Utando ulioziba kwa uchafu bado ni mzima, na mara nyingi ukioshwa hufanya kazi tena. Uliochakaa umeharibika wenyewe, na hakuna kuosha kutakakoutengeneza.

Ajabu ni kwamba mara nyingi kinachouharibu ni huko kuoshwa. Viwanda vya maziwa na mitambo ya maji huosha tando kwa haidroksidi ya sodiamu, alkali kali inayoitwa kostiki soda, kwa kuwa huyeyusha protini na kugeuza mafuta kuwa sabuni. Mafuta hugeuka sabuni kwa sababu ayoni za haidroksidi, chembe zenye chaji zinazotoka kwenye alkali, hukata bondi zake za esta. Sasa, selulosi asetati, polima ya tando za mwanzo za kuondoa chumvi majini, nayo ina bondi za esta. Ayoni haibagui. Ndiyo maana tando hizo hupendelea maji yenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) ya karibu 5, na kuziosha kwa alkali kali ni kuziua.

Poliamaidi, iliyochukua nafasi ya selulosi asetati, ina bondi za amaidi ambazo ni ngumu zaidi kukatika. Hata hivyo huruhusiwa pH ya 12 au 13 kwa muda mfupi tu wa kuosha, tena kwa joto lililowekewa mpaka. Polisalfoni, polima nyingine ya tando, huvumilia alkali vizuri.

Inayowadanganya wengi ni PVDF, yaani polivinilideni floridi. Inastahimili asidi na klorini vizuri, basi watu hudhani haiogopi chochote. Kumbe katika mnyororo wake, kaboni zenye hidrojeni hupakana na kaboni zenye florini. Haidroksidi huing'oa hidrojeni, florini ya jirani nayo huondoka, na kati ya kaboni hizo mbili hubaki bondi maradufu. Bondi hiyo hurahisisha kung'olewa kwa hidrojeni inayofuata, hivyo uharibifu hutambaa kando ya mnyororo. Bondi maradufu zinazopishana hufyonza mwanga, na utando mweupe huwa wa manjano, kisha kahawia, mwisho karibu mweusi. Pamoja na rangi, unyumbufu hupotea: nyuzi za utando zilizokuwa zikipinda sasa hukatika.

Kasi ya haya yote hutegemea nguvu ya alkali, joto na jumla ya saa za kugusana. Hapa pH hupotosha jicho. Kutoka 11 hadi 13 ni hatua mbili tu kwenye kipimo, lakini ayoni za haidroksidi zimeongezeka mara 100. Ukipandisha na joto, kasi huongezeka zaidi.

Dalili nazo zinaweza kusomwa vibaya. Utando wa selulosi asetati au poliamaidi ukianza kuvunjika, maji hupita kwa wingi zaidi, na fundi akafurahi kwamba uoshaji umefaulu. Kwa hiyo wingi wa maji peke yake hautoshi kuwa kipimo. Pima pia chumvi inayopenya: ikiongezeka pamoja na mtiririko baada ya kila kuosha, shuku utando kabla ya kushuku uchafu. Kwa PVDF, kata kipande kidogo ukivute. Huenda mtiririko ukawa bado wa kawaida ilhali uzi umeshakuwa mkavu wa kuvunjika.