Nyumba ya shambani: anza na msingi na paa, ukuta utangoja

Familia zinazonijia kutoka Mwakirunge, Rabai na Kinango, huku pwani ya Kenya, huuliza swali lilelile: nyumba ya vyumba viwili ni pesa ngapi? Mimi ni mhandisi wa majenzi, ofisi yangu iko Mombasa lakini kazi yangu nyingi iko mashambani, na kabla ya kutaja bei huwa nauliza: pesa yenyewe itaingiaje? Familia ya shamba haina fungu lililokaa benki. Ina minazi inayoanguliwa kwa msimu, ina kijana anayepata kibarua bandarini, ina zamu yake ya chama cha kuchangiana akiba. Pesa huja kidogo kidogo. Basi nyumba nafuu kwake ni ile inayoweza kujengwa kwa vipande, ikasimama mwaka mzima bila kukamilika, na isioze.

Huku mjini tukitaja nyumba nafuu, mtu huwaza ghorofa za mtaa wa Buxton hapa Mombasa, au yale makato ya asilimia 1.5 ya mshahara yaliyowekwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Mama wa Mwakirunge hatafuti ghorofa. Ana mahali pa kukaa, anachotaka ni ukuta usiomwangukia masika.

Ukuta wa fito na udongo una sifa mbaya usiyostahili. Udongo uliokandikwa vizuri hubeba nyumba miaka mingi, na ndani yake joto la mchana haliingii upesi. Kinachoua ukuta huo hutoka chini. Maji ya mvua yakidondoka kutoka paani hurusha matope na kula udongo wa futi mbili za kwanza. Unyevu nao hupanda kutoka ardhini, na mchwa hufuata nguzo zilizofukiwa. Ukitazama nyumba iliyolala baada ya masika, mara nyingi utakuta sehemu ya juu ingali nzima. Ni miguu iliyokatika.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ninaizika. Msingi wa mawe, umeinuliwa angalau sentimita 45 juu ya ardhi, juu yake inalazwa karatasi nene ya nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo nguzo na ukuta vianze. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo. Wa ufukweni ni wa bure, ndiyo, lakini una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege mpaka zege lenyewe lipasuke. Nawasihi mafundi wenzangu tuache kabisa kuuingiza kwenye zege lenye chuma.

Tena tuangalie tunasimama wapi. Upande wa Miritini na Jomvu udongo ni mzito wa mfinyanzi, hupasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, kwa hivyo msingi lazima ushuke chini zaidi. Mwakirunge na Nguu Tatu kuna mchanga mwekundu, ule wanajiolojia wanaouita mchanga wa Magarini, ambao haubadiliki sana na msimu.

Pesa ya pili inakwenda juu. Nikiwa na bati la kutosha na upenu wa sentimita 60 hadi 90, chini yake naweza kuweka hata ukuta wa makuti kwa muda na familia ikahamia. Kuta ndefu za nyumba nazifanya zitazame kaskazini na kusini, kwa kuwa jua letu la asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Madirisha nayapanga yapokee pepo za kusi na kaskazi. Bati la geji 30 ni jembamba, maana namba ya geji ikipanda unene hupungua. Karibu na bahari huoza haraka, na tofauti ya bei na geji 28 hurudi yenyewe. Bati pia lina uzuri huu: unaweza kununua moja moja na kuliweka ndani hadi yatimie. Simiti haikubali hivyo. Kwa unyevu wa pwani mfuko ukikaa miezi mitatu umeshapoteza nguvu, kwa hivyo nunua ile utakayoimaliza wiki hiyo.

Pesa ya tatu ikipatikana ndipo ukuta wa kudumu. Mawe ya matumbawe ni mazuri, ila kwa familia ya Kinango, iliyo mbali na bahari, lori la kuyabeba ndilo linalokula pesa. Hapo napenda matofali ya udongo ya kushindilia kwa mashine ya mkono: udongo wa papo hapo, simiti kidogo, bila kuchomwa. Kabla ya kuchanganya chochote napima udongo kwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Ndani napaka mafuta, najaza udongo uliolowa vizuri, naanika juani siku tatu. Ukikauka nausukuma upande mmoja na kupima pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 15, debe moja la simiti linatosha madebe 18 ya udongo. Likiwa 15 hadi 30, madebe 16. 30 hadi 45, madebe 14. 45 hadi 60, madebe 12. Likizidi hapo natafuta mchanga wa kuongeza. Mfuko wa kilo 50 hutoa karibu matofali 100, nayo yafunikwe turubai na kunyweshwa maji wiki nzima. Vijana wakiharakisha hatua hii tofali humomonyoka kwa kidole.

Ukuta wa udongo ukibaki, usipige lipu ya simiti tupu. Simiti hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka kipande kizima. Tumia chokaa na mchanga, kama wazee wa Mji wa Kale walivyofanya.

Yote hayo ni kwa mwenye shamba lake. Pwani wengi hawana hati. Sheria ya ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alilete liandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Vizazi vya Wamijikenda vikaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya ardhi, penye makaburi ya mababu zao. Ndiyo asili ya watu kujenga vibanda hafifu kwa kuhofia kuhamishwa, na kibanda kinachojengwa upya kila miaka michache ni ghali kuliko nyumba. Hapo ushauri wangu hugeuka: zege liwe dogo, fedha iende kwenye vitu vinavyobebeka. Mbao za kufunga kwa bolti, bati la skrubu, milango na madirisha ya fremu. Wakati huohuo makubaliano na mwenye ardhi yaandikwe mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi, hata kama ni ukurasa mmoja.

Kikibaki kidogo mwishoni, nasihi kiende kwenye mfereji wa paa na tangi kabla ya rangi. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 40 linaweza kukinga lita 32,000 hata ukitoa moja ya tano inayopotea, na maji hayo hayatamwagikia tena mguu wa ukuta.